Choya ya uani Mwanza: anzia kuhesabu kwenye jua la kuanikia

Mwangaluka wadau. Kila mwaka mvua za vuli zikishika hapa Mwanza, mwezi wa kumi na moja hivi, watu wananiomba mbegu za choya (wengine mnaiita rozela, ni ile ile ya juisi nyekundu), na kila mwaka jibu langu ni moja, mbegu nakupa ila usipande leo, kaweke, utapanda mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Wengine wanaona kama nawabania. Sasa leo nimekaa niandike yote, toka mbegu mpaka kopo la choya kavu, ili mtu aelewe kwa nini nasema hivyo, maana kuotesha choya sio kazi kabisa, kazi iko kwenye kuikausha.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanda mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja hapa Nyegezi, miche 40, ikastawi ikanipita kimo, ikabeba vikombe vyekundu (ndivyo tunavyokausha) mpaka wapita njia wanasimama kuangalia. Nikavuna mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu Mwanza mnaujua. Naanika kwenye turubai, wingu hilo, naanua, jua linatoka, naanika tena, siku ya tatu mvua ikanyesha kutwa nzima nikafunika. Asubuhi ya siku ya nne nafunua turubai nakuta utando mweupe na harufu ya chachu. Ndoo nne zikaenda shimoni. Iliniuma sana kwa sababu zile mbegu za katikati tulikuwa tumezitoa moja moja usiku mimi na watoto mpaka vidole vikabaki vyekundu.

Kwanza kalenda

Choya ni mmea unaoangalia urefu wa mchana, unachanua pale mchana unapokuwa mfupi. Nchi zilizo mbali na ikweta mkulima hana ujanja, hata apande lini atasubiri siku zipungue ndio aone ua. Sisi Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, mchana wetu ni kama masaa 12 mwaka mzima, kwa hiyo choya ikishakua kidogo itachanua mwezi wowote ule. Maana yake tarehe unapanga wewe, na hii ni bahati ambayo wengi wetu hatuitumii, tunakimbilia kupanda kwa sababu tu mvua imenyesha.

Hesabu yako ianzie mwisho. Jua la uhakika la kuanikia huku kwetu ni mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Toka mbegu mpaka kuvuna mara ya kwanza ni miezi minne mpaka mitano. Rudisha nyuma, unaangukia mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari. Alafu katikati hapo masika ya mwezi wa tatu mpaka wa tano inakumwagilia bure, mvua ikikata miche inakuwa imeshabeba. Ukipanda kwa mpangilio huo umeshamaliza nusu ya matatizo.

Mbegu

Usiende sokoni ukanunua choya kavu ukidhani utapata mbegu humo. Ile imeshatolewa tunda la katikati, ni kikombe kitupu. Mbegu ziko ndani ya lile tunda la kijani linalokaa kati ya kikombe, kwa hiyo muombe mtu mwenye shamba akuachie matunda machache yakomae mpaka yakauke na kupasuka. Matunda matano tu yanatosha bustani ya nyumbani.

Na muulize mmea wenyewe ulikuwaje. Nilishawahi kununua mbegu kwenye duka moja la pembejeo, nikaambiwa ni choya nyekundu, ikaota mirefu imenyooka kama fimbo, haina matawi, vikombe vidogo vikavu havina nyama hata kidogo. Baadaye nikaja kujua kuna aina ya choya inayolimwa kwa ajili ya nyuzi za kutengeneza magunia na kamba, ndio niliyokuwa nayo. Msimu mzima umepotea. Tangu hapo sichukui mbegu ya mmea ambao sijauona au sijaonyeshwa kikombe chake.

Udongo na mahali

Inataka jua la kutwa na udongo usiotuamisha maji, basi. Udongo wa kichanga wa kwenye miteremko, ule Wasukuma wanaita luseni, unafaa vizuri sana ukiongezea samadi iliyooza. Udongo mweusi wa mbuga ndio shida, ukilowa unashika maji, shina linaoza pale chini linapogusana na ardhi na mche unanyauka siku mbili tu umeshakwisha. Kama kwako ni mbuga, inua matuta hadi magotini ndio upande juu yake.

Wale wa Mabatini, Igogo na Bugando mlioko juu ya mawe msikate tamaa. Ndoo mbovu ya lita 20 toboa matundu matano chini, jaza udongo na samadi, panda mche mmoja. Utakuwa mfupi kidogo na utabeba kidogo, ila utabeba.

Na walioko kando ya ziwa, najua inavutia kulima pale pale majini ili usihangaike na kumwagilia, lakini sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa maji, na ukivunja sio faini tu, samadi yako yote mvua ikija inaishia ziwani. Alafu kuna jambo la kichocho, usisimame na miguu mitupu majini pale kwenye magugu ukichota maji ya bustani. Vaa gambuti au chotea sehemu yenye gati. Watoto ndio usiwatume kabisa.

Kitalu

Loweka mbegu usiku mmoja. Zinazoelea tupa. Jaza viriba au makopo ya maziwa yaliyotobolewa, weka mbegu mbili, kina cha sentimita 1 au 2 usizidishe, mwagilia weka chini ya kivuli chepesi. Ndani ya wiki moja zimetoka. Zikitoa majani manne hivi ng'oa dhaifu bakiza mmoja, na ule uliong'oa usiutupe, majani yake ni mboga, yana uchachu mzuri, ukiyachanganya na mboga nyingine au ukapikia kwenye dagaa huhitaji limao.

Wiki nne toka usie, miche ikiwa na kimo cha kiganja, hamishia bustanini jioni. Kabla ya hapo iache siku tano juani izoee.

Nafasi

Hapa nitarudia mara mbili kwa sababu ndipo watu wanaponibishia. Mche hadi mche mita 1. Mstari hadi mstari mita 1. Ukiangalia siku ya kupanda unaona kama umepoteza eneo, mche wenyewe urefu wa kiganja na umeachiwa uwanja. Ngoja mwezi wa tano uone, choya inafika mita 2 kwenda juu na inatanuka kama mwamvuli, ukiibananisha inarefuka kutafuta mwanga, haitoi matawi, na vikombe vinakaa kwenye matawi. Mita 1 ndugu zangu.

Ule uwazi wa mwezi wa kwanza baada ya kuhamisha unaweza kupanda mchicha katikati, utakuwa umeshavunwa kabla choya haijafunga.

Kukata kichwa

Mche ukifika magotini kasoro kidogo, sentimita 30 mpaka 40, bana ile ncha ya juu kwa kucha uivunje. Roho itakuuma mara ya kwanza, mche unapendeza alafu unaukata kichwa, ila baada ya wiki utaona kwenye kila jani, pale linaposhikana na shina, panachomoza tawi. Mimi mwaka mmoja nilikata mistari miwili nikaacha mmoja, ule ambao sikukata ulikwenda juu wenyewe na vikombe nilivipata kama nusu ya mwenzake.

Mbolea na palizi

Samadi iliyooza koleo mbili kwenye shimo siku ya kuhamisha, inatosha. Usiwe na mkono mwepesi wa urea, choya ikishiba mbolea ya kukuzia inakupa majani, majani mazuri kweli kweli, unapita unasifiwa, ikifika mwezi wa sita huna cha kuvuna. Palilia mara mbili au tatu ndani ya miezi miwili ya kwanza baada ya kuhamisha, baada ya hapo yenyewe inafunga kivuli magugu yanashindwa. Weka nyasi kavu chini, ila usizisogeze mpaka kwenye shina.

Wadudu

Choya ni ndugu wa bamia na pamba, ukoo mmoja, hata ua lake ukiliangalia ni kama ua la bamia. Kwa huku kwetu hilo sio jambo dogo. Misungwi, Magu, Kwimba kote ni pamba, kwa hiyo wadudu wa pamba tunao na wanaijua choya. Mkubwa wao ni kangambili, yule mwekundu mwenye weusi mgongoni, wanatembea makundi, wanafuata mbegu ndani ya tunda. Asubuhi mapema kukiwa na baridi wanakuwa wazito, chukua bakuli la maji ya sabuni pita unakung'uta tawi wanaingia wenyewe. Fanya siku tatu mfululizo. Kama jirani yako ana masalia ya pamba hajang'oa na kuchoma muombe kwa upole ayaondoe, maana ukiua wa kwako, wa kwake watahamia kwako.

Vidukari wanakaa kwenye ncha laini na chini ya majani, maji ya sabuni ya kipande au maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku yanatosha. Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga, mara nyingi ni dalili kwamba umebananisha, punguza majani ya chini hewa ipite. Usipige dawa kali za pamba kwenye choya, nasema kwa moyo wangu wote. Kile kikombe hakina ganda, unachopiga ndicho utakachokunywa.

Na usipande mahali palipokuwa na bamia au nyanya ambazo ulizing'oa ukakuta mizizi ina vifundo vifundo, hao ni minyoo fundo, bado wapo chini wanasubiri.

Upepo

Mwezi wa sita mvua ikikata upepo mkavu unashika, na choya iliyobeba ina kichwa kizito. Chomeka fito karibu na kila mche tangu ikiwa kiunoni, funga kwa kamba ya katani au kitambaa, ilegee kidogo ipate kuyumba. Ukisubiri ianguke ndio uisimamishe, mzizi unakuwa umeshakatika upande mmoja.

Kuvuna

Hapa kuna kitu naomba ukaangalie mwenyewe kwa macho. Watu tunasema maua ya choya, ila kile chekundu tunachochemsha sio ua. Ua lenyewe utaliona asubuhi saa mbili hivi, rangi ya maziwa yaliyotiwa njano kidogo, katikati lina jicho la zambarau iliyokolea. Mchana linaanza kujikunja, kesho yake limedondoka. Kinachobaki ni kile kikombe kilichokuwa kimelishika, na sasa ndio kinaanza kunenepa, siku kwa siku, vile vidole vyake vitano au zaidi vinafunga kuelekea juu vikilificha tunda. Ukikigusa kikombe wiki ya kwanza ni laini tu. Wiki ya pili kuelekea ya tatu ukikiminya kinalia kama karoti. Hapo ndio penyewe. Ukichelewa kinakuwa kigumu kama karatasi na tunda la ndani linaanza vinywele vinavyowasha.

Vuna asubuhi umande ukishakauka, kikikomaa kinavunjika kwa mkono bila kisu. Anza chini kwenda juu, rudi kila wiki, kadri unavyochuma ndivyo mmea unavyotoa vingine, unaweza kuvuna mwezi na zaidi. Mche mmoja uliopewa nafasi yake unaweza kukupa kilo 1 mpaka 1.5 ya vikombe vibichi. Ila jua kabisa kilo 10 mbichi zikikauka ni kama kilo 1, usije ukamuahidi mtu gunia.

Kutoa tunda la katikati

Hii ndio kazi inayokatisha watu tamaa. Kupasua kwa kidole au kisu inawezekana kama una bakuli moja, ila ukiwa na ndoo tatu tafuta kipande cha bomba la chuma la nusu inchi, urefu wa kalamu, mpelekee fundi wa kuchomelea akunolee mdomo mmoja na grainda. Unashika kikombe kwa mkono wa kushoto, kikonyo kikuangalie wewe, unasukuma bomba kutokea kwenye kikonyo, tunda linatokea mbele kwenye vidole kikombe kinabaki kizima na tundu chini. Mara ya kwanza unakosea, ukifika cha hamsini mkono unajua wenyewe. Jirani yangu mmoja mtu mzima, tunamuita Mayu kwa heshima, alikuja kunisaidia akatumia hilo bomba nusu saa tu akaniambia "mwanangu, hiki kibomba ungekuwa nacho mwaka ule msingelala saa saba".

Kazi hii ifanye siku hiyo hiyo ya kuvuna. Vikombe vikilala ndani ya kiroba vinapata joto na asubuhi vimelegea.

Kuanika

Usianike chini, hata kwenye turubai, mchanga unaingia na hautoki tena. Tengeneza kichanja cha fito kimo cha kiuno, tandika neti ili hewa ipite chini na juu, sambaza vikombe safu moja visipandane. Juu funika na kitambaa chepesi, maana jua kali la moja kwa moja linapausha rangi, na ukifunika nzi hawatui. Geuza mara mbili kwa siku. Saa kumi na moja jioni anua ingiza ndani, usiku wa karibu na ziwa una unyevu, ukiacha nje kazi ya mchana inarudi nyuma. Siku tatu mpaka tano za jua la mwezi wa saba zinatosha.

Na kichanja kiwe mbali na wanaoanika dagaa. Hili nasema kwa wale wa kando ya ziwa hasa, choya inayokauka inanyonya harufu vibaya sana, kuna dada aliniletea choya yake nzuri rangi imekolea, nikachemsha, chai nzima inanuka soko la samaki la Mwaloni.

Utajua imekauka ukishika kikombe kikavunjika kwa mlio kama krispi. Kikijikunja bila kuvunjika bado. Ipoe kwanza ndio uweke kwenye kopo au ndoo yenye mfuniko unaobana, mahali penye giza. Baada ya wiki fungua uangalie chini ya mfuniko, ukikuta matone ya maji itoe yote uanike tena siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.

Kuinywa

Kiganja kimoja cha choya kavu kwa lita 2 za maji, suuza haraka, chemsha na tangawizi dakika 10, acha ipoe ndani ya maji yake, chuja, sukari mwishoni. Sufuria iwe ya stili au ya udongo, hizi za alumini zinaliwa na uchachu na ladha inabadilika. Sudan wanaiita karkade, Senegal wanaiita bissap na huko ni kinywaji cha kila sherehe, wengi wanaitia majani ya mnanaa, jaribu na wewe.

Tafiti kadhaa zimeonyesha inaweza kushusha presha kidogo, kwa hiyo anayemeza dawa za presha amwambie daktari wake, na asiache vidonge kwa sababu ya juisi. Mwenye vidonda vya tumbo aende nayo taratibu, uchachu wake sio mdogo. Na ule wekundu sio damu, mjamzito aliyeambiwa ana upungufu wa damu aende kliniki apewe vidonge vyake, choya anywe kwa utamu tu kama daktari hajamkataza.

Mbegu za mwakani

Kabla hujavuna chagua mche mmoja, ule wenye matawi mengi na vikombe vinene, ufunge kitambaa chekundu ili mtu asiuchume. Matunda yake yaache mpaka yawe ya kahawia na yaanze kupasuka, yachume umevaa glovu au mfuko mkononi kwa sababu ya vile vinywele, yapasulie kwenye ungo. Mbegu ni za kahawia nzito, umbo kama figo. Kausha kivulini siku tatu, changanya na majivu makavu, tia kwenye chupa uandike mwezi na mwaka. Mimi chupa yangu ya mwaka huu imeshajaa, anayekaa Nyegezi, Mkolani au Buhongwa apite achukue, aje na karatasi ya kufungia.